Kitufe cha Niwekee

Goti la kulia la mke wangu lilianza kukataa ngazi mwaka juzi, na mwaka jana likakataa kabisa. Duka lake lilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo moja la biashara lililo juu kidogo ya soko la Owino, chumba chembamba kisicho na dirisha, mlango wake ukitazama ukumbi wenye paa la kioo. Lifti ipo katika jengo lile, ila sijawahi kuiona ikitembea. Daktari alimwambia, kwa upole, kwamba akiendelea kupanda itafika siku ashindwe hata kusimama kwa swala. Hilo ndilo lililomfanya asikie.

Aliuza vitu vya kufuma: nyuzi za sufu na za pamba, sindano ndefu, vijiti vyenye kulabu, vifungo, shanga. Hakuna mtu anayelala njaa kwa kukosa vitu hivyo. Waliokuja kwake walifuma kwa kupenda tu, wauguzi waliostaafu, wake za askari wa kambini, walimu wakati wa likizo. Mtu hafiki ghorofa ya tatu kwa bahati. Alikuwa amemtafuta Hajati, kama walivyomwita, na akishampata hukaa.

Mkataba wa chumba ulikuwa unakwisha baada ya Idi, na hatukuona sababu ya kuuendeleza ikiwa mwenye duka hawezi kulifikia. Binti yetu wa mwisho, anayeishi nasi na kufanya kazi katika ofisi ya matangazo, alikuwa amemfungulia mama yake duka dogo kwenye mtandao tangu zamani. Lilikuwa pambo tu, likiuza donge moja la uzi leo na jingine mwezi ujao. Akasema atalitengeneza upya liweze kubeba duka zima. Likiweza, mama yake atauza akiwa nyumbani, hapa tunapokaa chini ya kilima cha Lubaga. Lisipoweza, kuna mfanyabiashara wa ghorofa ya kwanza aliyekuwa tayari kuchukua bidhaa zote kwa pamoja.

Mke wangu alikubali wajaribu, lakini alitueleza wazi anachokiogopa.

"Nikikaa bila kazi nitakuwa mgeni katika nyumba yangu mwenyewe," alisema. "Mtakuwa mnaniuliza kama nimekula."

Mimi nilipewa kazi ya maneno. Maisha yangu karibu yote nimefundisha watoto Kurani, na sasa wapo vijana wanaofundisha vizuri kuliko nilivyofundisha, namshukuru Mungu. Mimi naitwa kwenye mazishi, na mwalimu akiugua. Kwa hiyo muda ninao. Binti alisema wateja wanatoka kila upande, Wakenya, Wakongo, watu wa kambini, na lugha inayowaunganisha ni Kiswahili. Na kwamba Kiswahili chake yeye ni cha barabarani, changu ni cha kitabuni. Babu zetu waliletwa nchi hii na jeshi kutoka Sudani, na nyumbani kwetu Kiswahili hakikuwahi kuwa kigeni. Nikavaa miwani nikaandika kwa muda mrefu.

Niliandika kama mtu anavyopokewa dukani. Katika Kampala hii hata anayeuza nyanya chini, juu ya gunia, hakutajii bei kabla hajakuuliza umelalaje. Basi kila ukurasa wa uzi niliuanza kwa kumkaribisha mgeni, nikamuuliza hali, nikamuuliza nyumbani na watoto, nikamwambia sisi tunamshukuru Mungu. Kisha nikaeleza uzi umetoka wapi na unafaa nini. Rangi ikafuata. Bei ilikuwa chini kabisa, kama inavyostahili.

Binti aliweka yote kama nilivyoandika. Baada ya siku kadhaa akaja na kompyuta yake akaketi karibu nami.

"Baba, naweza kuona watu wanafika wapi kabla hawajaondoka."

"Wanafika wapi?"

"Kwenye watoto."

"Kwenye watoto gani?"

"Pale unapowauliza watoto wazima. Wengi wanaondokea hapo. Mtu ametaka uzi mwekundu, Baba, wewe unamuuliza watoto."

Mke wangu alikuwa amenyoosha mguu juu ya mto, akacheka mpaka akaushika. "Shukuru hakuweka hotuba ya Ijumaa."

"Niliiweka," nikasema. "Fupi. Ipo chini ya bei."

Ikaondolewa hotuba, wakaondolewa watoto, likabaki neno moja juu ya kila ukurasa: Karibu. Sikuona vibaya. Nilihisi tu uchovu ule anaousikia mtu aliyepika chakula kingi wageni wakala kidogo.

Kisha zikaja picha. Zile za mwanzo zilipigwa chini ya taa, na rangi ya damu ya mzee ilionekana kama kahawa. Mke wangu alizikataa moja baada ya nyingine. Dukani alikuwa na desturi ya kumtoa mteja nje, akamsimamisha ukumbini chini ya paa la kioo, akampa uzi autazame kwa mwanga wa Mungu. Basi tukapiga picha mlangoni kwetu, asubuhi. Mimi nilishika donge, binti akapiga, mama yake akahukumu akiwa kitini. Wingu likipita tunasubiri. Mvua ikija tunaingiza kila kitu ndani, ikikatika tunatoa. Kengele za kanisa kuu zinalia juu kilimani, wingu jingine hilo. Nyuzi zilikuwa nyingi, na binti akagundua kwamba kila picha ina vidole vya mzee. Tukaanza upya kwa kitambaa cheupe.

Lakini duka lilianza kutembea. Kurasa zilikuwa safi, rangi zilikuwa za kweli, mtu alibonyeza mara mbili tu akawa amenunua. Simu ya mke wangu ililia kama ndege, akawa anafunga vifurushi, mwenye bodaboda anafika mlangoni anachukua. Binti yetu alikuwa anarudi kutoka ofisini amechoka, anakula, anakaa tena kulirekebisha, na niliona furaha yake ikipita juu ya uchovu.

Mke wangu hakuwa na furaha. Nilidhani ni goti. Siku moja alikuwa anafunga uzi wa kijani katika karatasi, akaugeuzageuza.

"Huyu anafuma nini?" aliniuliza.

"Sijui. Hakuandika."

"Na mimi sijui. Wananunua kama watu wanaofungua bomba la maji." Akaufunga, akauweka pamoja na vingine.

Jumapili moja mchana mtu alipiga hodi. Alikuwa mwanaume wa makamo, mrefu, amevaa shati la nyumbani lililopigwa pasi kwa mistari ya kiaskari. Ni mkuu wa zamu katika gereza moja, anakaa huko upande wa Port Bell, na ni mteja wa mke wangu wa siku nyingi. Alifundishwa kufuma na shangazi yake kaskazini akiwa mtoto. Alikuwa na mfuko mweusi wa plastiki, na hakuufungua mpaka nikafunga mlango.

Ndani kulikuwa na blanketi la mtoto, rangi ya bluu iliyokaribia kijani, kazi safi sana. Binti yake alikuwa karibu kujifungua.

"Mama, naona kama kuna mstari," alisema. "Niambie kama ni macho yangu."

Mke wangu aliinuka kwa fimbo, akalipeleka blanketi mlangoni. Alilitazama kwa muda. Sehemu kubwa ilikuwa rangi moja, na robo ya mwisho ilikuwa rangi nyingine, inayofanana nayo kama ndugu wanavyofanana.

"Si macho yako, afande."

Wanaofuma wanalijua hili. Kiwanda kinatia rangi nyuzi kwa mafungu, na fungu moja halitoki sawasawa na jingine. Namba ya fungu imeandikwa kwa herufi ndogo kwenye karatasi ya donge. Anayeanza kazi kubwa anatakiwa anunue uzi wote wa fungu moja, lakini ni nani katika watu wetu ananunua vyote kwa siku moja? Kwa hiyo mke wangu alikuwa na misumari ukutani. Unachukua madonge mawili leo, yanayobaki anayatia katika mfuko wako, anautundika. Hutoi chochote. Mfuko unakungoja mpaka utakaporudi, na hakuna atakayeuziwa uzi wako hata akilia. Iko mifuko iliyongoja tangu mwenyewe alipohamishiwa kambi nyingine mpaka aliporudishwa. Desturi hii hatukuiita jina. Mteja anasema niwekee, basi.

Afande alikuwa amenunua madonge ya kwanza kwenye mtandao, akaendelea na kazi yake bila haraka. Yale yaliyobaki ya fungu lile yalinunuliwa jioni ileile na mama mmoja wa Jinja, kwa sababu duka la mtandaoni linaonyesha kila kilichopo na kumuuzia yeyote anayebonyeza. Aliporudi kununua mengine alipata ya fungu jingine.

"Nilifikiri umeniwekea," alisema.

Hakusema kwa hasira, na hapo ndipo palipouma. Mke wangu alikaa chini.

"Uzi wa kuwekea ulikuwepo, afande. Sikujua kama ni wewe. Huku napewa namba ya simu tu na rangi."

Alimwelekeza la kufanya: afumue ile robo pamoja na sehemu kidogo iliyo kabla yake, kisha afume mstari mmoja wa fungu hili na mmoja wa fungu lile, rangi ziingiane polepole jicho lisione zinapoachana. Ilikuwa kazi ya kufumua wiki nzima za mtu. Afande aliitikia kwa kichwa.

"Utafumua wapi?" nilimuuliza. "Pale kazini wanajua?"

"Hawajui, Mwalimu. Wakijua wataniita bibi."

"Utawajibu nini?"

"Nitawaambia bibi ndiye mwenye funguo."

Tukacheka, akanywa chai, akaondoka na mfuko wake. Alipotoka mke wangu alimwita binti kutoka chumbani.

"Lifunge hilo duka," alisema.

Binti alisimama mlangoni. Alikuwa ametumia Jumapili zake zote kwenye kazi ile. "Mama, watu wananunua. Ndicho tulichotaka."

"Nilitaka duka. Hili ni kabati tu, wanalifungua wanachukua. Mwuzie yule bwana wa ghorofa ya kwanza, mimi nitakaa."

Hakuna aliyepaza sauti. Hatuna nguvu hizo tena, na binti naye siku ile hakuwa nazo. Alasiri ilikuwa imeingia, nikawaambia tuswali kwanza. Nilisujudu muda mrefu kuliko kawaida. Sikuomba duka. Niliomba mke wangu asife moyo kabla ya mwili, nikabaki pale chini kwa sababu kuinuka kulikuwa kazi.

Baada ya swala binti alikuwa ametandika meza kwa nyuzi.

"Mama, hapa ni dukani. Baba ni mteja. Mimi sipo. Fanyeni kama siku zote."

Niliona aibu kidogo, lakini nikatoka nje nikaingia.

"Naomba uzi wa bluu," nikasema.

"Karibu, ssebo," alisema, kama anavyomwita kila bwana anayeingia. "Unafuma nini?"

"Chochote."

"Chochote hakina kipimo. Ni cha kuvaa au cha kufunika?"

"Cha kuvaa. Kofia."

"Ya nani?"

"Yangu."

"Kwa kichwa hicho utahitaji donge na nusu," alisema bila kucheka. "Chukua moja. La pili nakuwekea, ukishindwa njiani hutakuwa umepoteza kitu. Na wewe utashindwa."

Binti alikuwa anaandika. Alitusimamisha, akaturudisha, akatubadilishia rangi. Mpaka Magharibi duka lilikuwa na sura nyingine. Ukifungua uzi, kwanza unaulizwa unafuma nini, na unaweza kuandika au kusema kwa sauti, na sauti inamfikia mke wangu ambaye herufi ndogo zinamsumbua. Kisha unaona rangi, na chini yake namba ya fungu imeandikwa kubwa. Kando ya kitufe cha kununua kikawekwa kingine: Niwekee.

Hicho cha mwisho walikibishania. Binti alisema hakuna duka la mtandaoni duniani linalowekea mtu bila kuchukua chochote, kwamba watu wa kwenye simu si watu wa ngazi, wanabonyeza wanasahau. Mama yake alisema mteja akikwambia niwekee amekuamini, na wewe umwamini. Waliponitazama nikasema amana ni amana, mtu awe mbele yako au asiwe. Najua kusema hivyo ni rahisi kwa mtu asiyehesabu bidhaa. Kitufe kikawekwa.

Binti alikuwa amesema kweli. Watu walikibonyeza kitufe kile kama watoto waliopata kengele. Mtu mmoja wa Nairobi aliwekewa kila uzi wa njano tulionao. Wengine waliwekewa rangi kumi wakanyamaza. Haikupita mwezi, anayefungua duka alikuta kurasa nyingi zimeandikwa hakuna, na vifurushi vikapungua mlangoni. Idi ilipita. Mwenye jengo alipiga simu kuuliza kuhusu chumba. Nyumba yetu ilikuwa imejaa mifuko iliyotundikwa kwenye misumari niliyoigongomea mwenyewe, na mfanyabiashara wa ghorofa ya kwanza alituma salamu kwamba bado yupo tayari.

"Niweke muda," binti alisema. Alikuwa na macho mekundu ya kutolala vizuri. "Ukipita muda bila mtu kununua, kilichowekwa kinafutika chenyewe. Hakuna atakayegombana na mtu."

"Sijawahi kumfungulia mtu mfuko wake bila kumuuliza."

"Basi waulize, Mama. Uko na namba zao zote. Waulize mmoja mmoja."

Alilisema kwa kuchoka, na akatoka kwenda kazini bila kunywa chai. Mke wangu alikaa na simu mkononi. Mimi nilikuwa nasoma sura yangu ya asubuhi, nikamsikia anapiga.

"Mwanangu, mimi ni Hajati wa nyuzi. Uliniambia nikuwekee wa pinki. Kazi imefika wapi?"

Upande wa pili mtu akaanza kueleza. Aliyekuwa amesahau aliomba msamaha na uzi ukarudi dukani. Mwingine alikuwa amekwama kwenye mkono wa sweta la mtoto tangu mvua zilipoanza, aliona aibu kuuliza. Wa Nairobi alikuwa mama kijana aliyependa njano na hajui kufuma hata kidogo. Walizungumza mpaka chai ya mke wangu ikapoa, na mwishoni njano zote zilirudi isipokuwa mbili, alizozinunua pamoja na kijiti cha kuanzia.

Alipiga simu siku baada ya siku. Binti aliporudi na kuona hivyo, aliacha habari ya muda. Alibadilisha ukurasa: mahali palipoandikwa hakuna, sasa paliandikwa imewekwa kwa mtu, ukitaka Hajati amuulize bonyeza hapa. Wakabonyeza, na Hajati akauliza. Afande alituma picha ya blanketi. Ukilitazama ukiwa unajua, mstari unauona kwa mbali. Mjukuu hajui.

Duka halikuwa kubwa kama lile la ngazi, na halijawa. Kuna wiki linachechemea. Binti bado anarekebisha kitu kila Jumapili na kulalamika kwamba mama yake anawashauri watu wasinunue. Lakini tulimwandikia mwenye jengo kwamba chumba tunakirudisha, na mfanyabiashara wa ghorofa ya kwanza tukamshukuru, tukamwambia hapana.

Siku ya kutoa funguo nilipanda mwenyewe. Nilipumzika kila ghorofa, nikitaja jina la Mungu. Jirani yetu wa mlango wa pili, Mkongo anayeuza vitenge, alinikuta nikishusha vitu vya mwisho.

"Mwalimu, sasa wewe ni mchukuzi?"

"Mungu hakosi kazi ya kumpa mtu."

"Na Mama, anakaa tu nyumbani?"

"Nenda kamuulize kama anakaa tu."

Alinishikia mfuko mmoja mpaka chini. Nilizirudisha funguo kwa mlinzi, nikapanda bodaboda na mifuko miwili mbele ya kifua, taratibu, kwa sababu nilimwomba kijana aende taratibu. Nilifika nyumbani miguu ikiwa mizito kama ya mtu mwingine.

Mke wangu alikuwa kitini, simu sikioni, na uzi wa kahawia umefunguliwa mapajani akimwonyesha mtu asiyeweza kumwona namna ya kupunguza vifundo. Aliponiona nataka kumwambia nimerudi, aliinua kiganja, kama alivyokuwa akifanya dukani mtu anapoingia katikati ya mazungumzo.

"Subiri kidogo, Mzee. Nina mteja."

Nikaweka mifuko chini, nikaketi kwenye kigoda karibu na mlango, nikasubiri.